Re: Komiti ileile, heshi mbili tofauti?
Ndugu, umeuliza kuhusu Git, programu ya kutunza historia ya kodi: kwa nini badiliko ulilohamisha kwa cherry-pick (amri ya kunakili komiti, yaani badiliko lililohifadhiwa, kwenda tawi jingine) lina heshi mpya (namba ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) kwenye tawi la pili, na utajuaje lipi limejirudia. Heshi ya komiti haipimi badiliko peke yake. Ndani yake mna hali ya mafaili yote, komiti mzazi, majina, saa na ujumbe. Mzazi akibadilika tu, heshi nayo inabadilika, hata kama hujagusa herufi moja ya kodi. Kwa hiyo kulinganisha heshi za komiti hapa ni kupoteza muda.

Unachohitaji ni heshi ya difu yenyewe, yaani mistari iliyoongezwa na iliyoondolewa (weka heshi ya komiti yako mahali pa KOMITI):

git show KOMITI | git patch-id --stable

Itakupa heshi mbili. Ya kwanza ni ya badiliko, ya pili ni ya komiti. Heshi za kwanza za komiti mbili zikifanana, badiliko ni lilelile. Namba za mistari hazihesabiwi, wala nafasi tupu. Hapo kwenye nafasi uwe macho kama unaandika Python, maana kusogeza mstari ndani kunabadilisha maana ya programu. Git za karibuni zina --verbatim, inayohesabu nafasi pia, kwa ajili hiyo.

Kwa matawi mazima, mimi hutumia hii:

git cherry -v main tawi-lako

Alama ya kutoa ina maana badiliko limeshafika main, tawi kuu. Ya kujumlisha, bado.

Ila kama ulitatua mgongano (pale matawi mawili yamebadilisha mistari ileile kwa njia tofauti) wakati wa kuhamisha, difu imebadilika na heshi hazitalingana. Hapo jaribu git range-diff, inayolinganisha misururu miwili ya komiti, halafu usome kwa macho yako.