Umezuiwa kumwona mtoto? Matunzo usikate

Kaka mmoja ameniandikia wiki hii. Wameachana, mama mtoto hapokei simu, na siku za kumwona mtoto zimefutwa. Anauliza: nikikata pesa ya matunzo, si atalegea mwenyewe?

Ndugu yangu, usikate. Nimepita humo humo. Baada ya talaka yetu nilikaa muda mrefu bila kumwona binti yangu, na kila mwezi nilituma pesa. Ndugu zangu walinisema sana, eti nalisha watu walionifungia mlango. Iliniuma na bado inaniuma, maana kipindi kile cha utoto wake hakuna atakayenirudishia. Lakini siku ya kesi nilikuwa na kila risiti, na kila ujumbe nilioomba kumwona mtoto, wote kwa lugha ya heshima. Upande wa pili ulidai sitoi kitu. Hakimu akapitia karatasi zangu moja moja, akatoa amri yenye siku, saa, mahali pa kumchukua mtoto na kumrudisha, hadi mgawanyo wa likizo. Najivunia uvumilivu ule, na sioni aibu kusema.

Katika nchi nyingi, sheria huyatenga mambo haya mawili. Matunzo ni ya mtoto, si kiingilio cha mzazi. Na kuonana nanyi ni haki yake pia: ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 inampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kukutana na wazazi wote wawili mara kwa mara, isipokuwa pale inapokuwa kinyume cha maslahi yake. Ibara ya 12 inataka naye asikilizwe kulingana na umri na upeo wake. Basi msimkaririshe la kusema.

Dada unayemficha mtoto kwa sababu baba halipi, nawe nakuambia hivyo hivyo. Deni la matunzo hudaiwa mahakamani, na mara nyingi mahakama inaweza kuagiza likatwe kwenye mshahara. Kama kuna kipigo au vitisho, hilo ni jingine kabisa: kimbilieni usalama kwanza, kisha omba amri ya ulinzi, na kuonana kufanyike mbele ya msimamizi.

Wala usivuke mpaka na mtoto kimyakimya. Kati ya nchi zilizojiunga na Mkataba wa The Hague wa 1980, unaohusu watoto wanaotoroshwa nje ya nchi, mtoto wa chini ya miaka 16 aliyeondolewa isivyo halali kwa kawaida hurudishwa nchi aliyokuwa akiishi.

Kaka, mwezi huu tuma pesa kwa njia inayoacha kumbukumbu, andika “matunzo” na jina la mwezi. Kisha soma amri yako ya talaka. Kama haikutaja siku za kumwona mtoto, fungua maombi zitajwe. Kama imezitaja na zinavunjwa, omba mahakama iitekeleze.