Je, Batman Ana Hatia kwa Kutomuua Joker?

SWALI: Mhariri, mimi na kaka yangu tumebishana ndani ya matatu kutoka Kayole hadi mjini. Ikiwa Joker, mhalifu wa katuni za Batman, hutoroka kila mara na kuua tena, je, Batman, shujaa anayekataa kumuua, hana hatia ya damu hiyo? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mwiko huo wa kutoua haukuwapo tangu mwanzo. Batman alipotokea mwaka wa 1939 aliwaua wahalifu bila kusita, na ni baadaye ndipo mhariri wa katuni hizo, Whitney Ellsworth, alipoyapiga marufuku mauaji hayo. Joker, aliyezuka mwaka wa 1940, ndiye anayeupima mwiko kwa ukali zaidi, hasa tangu alipomuua Jason Todd mwaka wa 1988, kijana ambaye Batman mwenyewe alimlea. Hata hivyo, lawama naiweka kwanza kwa muuaji, kisha kwa mahakama na hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham inayoshindwa kumzuia, kwa kuwa kazi ya Batman ni kukamata wala si kuhukumu. Kinachonitia shaka zaidi ni ushirika wake na Catwoman, mwizi anayempenda, ambaye Batman humfumbia macho kwa makosa ambayo angemkamatia mtu mwingine. Kaka yako akibana hapo, Batman hana utetezi.