Usinunue seti ya vifaa kabla hujampata mlezi

Usitume hiyo hela. Umeandika kwamba unafungua kituo cha watoto wa miaka miwili hadi mitano kule Nzuguni, Dodoma, umepata wakala wa "seti kamili ya Montessori" (vifaa vya njia ya malezi ambayo mtoto anajifunza kwa kushika na kuchagua kazi mwenyewe), anataka nusu ya malipo kabla ya Ijumaa, na unatuuliza mambo manne: seti inatosha au uongeze kitu, usajili unapitia wapi, ada iwe kiasi gani, na uji uwe wa unga gani. Dada yangu, hilo la kwanza ndilo litakalomeza mtaji wako, kwa hiyo naanza nalo, na la usajili nitaligusa mbele; ada na unga wa uji tuyaache kwa siku nyingine.

Mimi seti hiyo niliinunua. Kituo changu kiko upande wa Nkuhungu, na hela iliyokwenda kwenye yale maboksi ingelipa mshahara wa mlezi mzuri mwaka mzima. Vifaa vyenyewe vilikuwa vizuri, sidanganyi. Mnara wa pinki wenye vipande 10, kidogo kabisa sentimita 1, kikubwa sentimita 10. Mbao za silinda. Herufi za msasa. Shanga za rangi ya dhahabu za kuhesabia. Aliyeniuzia akaniongezea na "kozi ya walezi" ya wikiendi moja ukumbini, vyeti vyenye mhuri, picha ya pamoja, na akatuambia kwamba vifaa hivi vinafundisha vyenyewe, mlezi kazi yake ni kusimamia tu, hata binti wa kazi anaweza. Kwa bei sina ugomvi naye, biashara ni biashara. Ugomvi wangu naye ni hayo maneno, maana alikuwa anajua anachokisema si kweli na bado aliyasema mbele ya mabinti walioacha vibarua vyao kuja kujifunza kazi.

Ngoja nikuambie vifaa ghali vinafanya nini mikononi mwa mlezi asiyefundishwa. Kwanza anaviogopa. Kikivunjika atakatwa mshahara, ndivyo anavyowaza, hata kama hujamwambia. Basi vinapanda juu ya kabati. Asubuhi vinashushwa, mlezi anasimama mbele ameshika mnara, watoto wamekaa mkekani mikono mapajani, wanaitikia kwa sauti: "Kikubwa! Kidogo! Kikubwa! Kidogo!" Mtoto akinyoosha mkono anaambiwa acha, utaharibu. Kifaa kilichotengenezwa ili mtoto mmoja akishike, akirudie na akirudie tena kwa muda anaotaka yeye, kimegeuzwa ubao wa kuitikia. Wazazi wakipita dirishani wanafurahi, kwa sababu watoto wanapiga kelele za masomo. Na watoto hawajashika kitu tangu waje.

Halafu kile kipande cha sentimita 1. Kinatosha kabisa kuziba koo la mtoto wa miaka miwili, na kwangu kilikutwa mdomoni. Tulikitoa, mtoto yuko salama, lakini mpaka leo nikikumbuka moyo unaenda mbio. Mnara huo ni wa watoto wa kuanzia kama miaka mitatu. Shanga nazo hazimhusu mtoto mdogo hata kidogo. Muuzaji hakulisema hilo, na tangazo ulilotubandikia limeandika "miaka 2–6" kama vile mtoto wa miaka miwili na wa sita ni mtu mmoja.

Sasa sikiliza kwa nini nang'ang'ania mlezi. Chukua ubao wa silinda. Una silinda 10 na mashimo 10. Mtoto anazichomoa, anazichanganya, anazirudisha. Akiiweka nyembamba kwenye shimo pana, haisumbui mwanzoni, inaingia tu. Mwishoni inabaki moja isiyo na pa kuingia. Hapo anakunja uso, anaangalia, anaanza kurudi nyuma moja moja kutafuta alikokosea, bila mtu kumwambia. Hizo dakika za kukunja uso ndizo unazozitafuta, ubao umetengenezwa kwa ajili ya hizo. Na mlezi asiyejua anaziua kwa huruma: "Siyo hapo mwanangu, weka hapa." Ameshamfanyia, na mtoto anasimama anaondoka.

Mlezi anayejua anaonyesha mara moja, polepole, kwa maneno machache, kisha anaondoa mikono yake. Anakaa pembeni na daftari. Anaandika nani amechukua nini, amerudia kiasi gani, ameacha wapi. Kesho yake anapanga shelfu kufuatana na alichoandika. Kumwachia mtoto aongoze ni kazi ngumu ya mtu mzima anayejizuia, na hakuna wikiendi inayoweza kumfundisha mtu hilo. Masista wa Lushoto wana chuo cha ualimu wa Montessori, na wanafunzi wao wanapita kwenye mazoezi na watoto wenyewe kabla ya kukabidhiwa darasa. Tafuta mtu wa namna hiyo. Ukimkosa, tafuta mwalimu wa awali mwenye subira na umlipie akajifunze. Jina la Montessori mtu yeyote anaweza kuliandika getini, kwa hiyo cheti chenye neno hilo peke yake hakikuambii kitu. Uliza amejifunzia wapi na amekaa na watoto muda gani.

Na usidhani njia hii ilizaliwa kwenye ukwasi. Maria Montessori alikuwa daktari, na alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto tarehe 6 Januari 1907 San Lorenzo, mtaa wa maskini pale Roma, kwa watoto ambao wazazi wao walishinda kazini. Mwenyewe alieleza kwamba midoli mizuri iliwekwa na watoto wakaipita, wakaenda kwenye kazi za kweli. Hao ni watoto wa Roma. Wa kwangu ni hivyo hivyo: mpe mdoli na mpe ungo wenye karanga za kumenya, uone atakaa wapi.

Kwa hiyo hela yako ianzie kwa mlezi, halafu vitu vidogo vya kweli. Jagi dogo linaloshikika. Bilauri, ndiyo, ya kioo, kwa wakubwa wao. Fagio la chelewa lililokatwa mpini kimo chao. Beseni, tambara, kitambaa cha kufutia meza. Dodoma maji ni ya mgao, basi siku hayatoki wamimine mtama au uwele kutoka kikombe hadi kikombe, na anayemwaga aokote mwenyewe. Kunde na punje ndogo zozote, wa chini ya miaka mitatu asiachiwe peke yake, zinaishia puani. Herufi za msasa usinunue: msasa upo duka lolote la vifaa vya ujenzi, kata herufi, gundisha kwenye mbao laini, na uwafundishe sauti, waifuate herufi kwa vidole viwili. Kiswahili chetu kinasomeka kinavyoandikwa, mtoto akishika sauti anaanza kuunganisha "ma" na "mba" mapema kuliko unavyotarajia. Fundi seremala akutengenezee shelfu inayofika kifuani mwa mtoto, wazi, bila mlango wala kufuli. Kila kitu kiwe kimoja kimoja, anayekitaka asubiri mwenzake amalize akirudishe. Silinda na mnara utaagiza baadaye, wakati mlezi wako atakapokuambia mwenyewe fulani na fulani wako tayari.

Ratiba nayo usiivunjevunje. Wazazi wengi wanawahi kazini Mtumba, kwenye ofisi za serikali, watoto wataletwa mapema, nawe utashawishika kuwajazia wimbo, kuhesabu, wimbo, uji, wimbo. Waachie kama saa tatu nzima za asubuhi, kuanzia saa mbili hadi saa tano, wafanye kazi walizochagua. Uji ukae mezani, mwenye njaa ajimiminie, aoshe kikombe, arudi kazini kwake. Mzazi akilalamika kwamba daftari la mwanawe ni tupu, usibishane naye kwenye kundi la WhatsApp. Mkaribishe aje akae nusu saa kwenye kiti cha pembeni, asiongee.

Usajili: kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kinaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Ukitaka darasa la awali kamili, hilo ni la Wizara ya Elimu. Nenda kabla hujapaka rangi, maana watakagua vyoo, nafasi na uzio, na ukuta wenye katuni haumshawishi mkaguzi.

Nirudi kwa mlezi, kwa sababu utaletewa wengi wenye vyeti. Usimhoji kwa maneno peke yake. Mweke chumbani na watoto wawili, jagi la maji na vikombe, wewe kaa pembeni kimya. Maji yatamwagika, lazima. Anayemfokea mtoto mshukuru na umpe nauli. Anayewahi kudeki mwenyewe ana moyo mzuri, anafundishika, mweke kwenye orodha. Anayesubiri kidogo, kisha anamwonyesha mtoto tambara lilipo, huyo usimwache aondoke kabla hamjakubaliana mshahara, na hata akitaja zaidi ya ulichopanga, mwongeze kutoka kwenye hela uliyotaka kumpa wakala.