Swali la lugha: Skeli yenye “changamoto”

SWALI: Mimi ni fundi mitambo, na kila hitilafu ninayoikuta naiandika katika daftari la karakana. Hivi karibuni niliandika hivi: “Kipimo cha namba cha mashine ya milingi, mhimili wa X, kina changamoto.” Ni kile chombo kinachoonyesha kwenye skrini meza ya mashine hiyo ya kuchonga chuma imesogea kiasi gani katika mwelekeo mmoja, yaani mhimili. Mwenzangu alidai kwamba nilipaswa kuandika “skeli”, si “kipimo”. Ni nani aliye sahihi?

JIBU: Mwenzako yuko karibu zaidi na usahihi. Kipimo huweza kuwa chombo, lakini pia ni kile kinachopatikana baada ya kupima, kwa mfano milimita 42.5, hivyo ni wazi zaidi kukiita chombo chenyewe kipimio, neno linalotokana na pimia, kauli ya kutendea ya pima. Skeli ni neno la kukopa lililokwisha kuzoeleka, nalo linaufaa ule ukanda wa kioo au wa sumaku unaofungwa kando ya meza ya mashine. Basi mtambo mzima pamoja na skrini yake uite kipimio cha namba, na ukanda wake uite skeli.

Kinachonikera katika sentensi yako ni neno ambalo hakuna kati yenu aliyelitilia shaka. Changamoto, ambalo yeyote mwenye sikio la Kiswahili husikia ndani yake changamka na changamsha, ni jambo linalomwamsha mtu aongeze bidii. Mashindano ni changamoto, na hesabu ngumu ni changamoto kwa mwanafunzi. Skeli iliyoingia mafuta haimwamshi mtu yeyote; inaharibu kazi tu. Neno hili limevamia ofisi, hotuba na taarifa za habari mpaka maradhi, deni, ufa wa ukuta na uzembe vyote vinaitwa changamoto, na sasa limefika karakanani, mahali ambapo neno lisilo na maana kamili humfanya mtu afungue mashine isiyostahili kufunguliwa.

Hebu tuitazame sentensi yako kwa macho ya fundi wa zamu inayofuata. Amesoma “kina changamoto”. Aanzie wapi? Kama namba zinarukaruka huku meza imetulia, atakagua waya wa ardhi, plagi iliyolegea, na mota iliyo jirani inayoingiza kelele za umeme, yaani ishara zisizotakiwa, katika kebo. Kama namba zinaruka, yaani meza inatembea na hesabu inaacha hatua, atavua kifuniko na kutazama kama chembe za chuma au maji ya kupoozea yamepenya midomo ya mpira inayoziba kifuniko na kuchafua kioo. Angalia jinsi lugha ilivyokuwa tayari kukusaidia: ruka na rukaruka hutofautiana kwa kukariri shina tu, na kukariri huko kunatenganisha hitilafu mbili zenye matibabu tofauti kabisa. Changamoto inazifuta zote mbili kwa mpigo mmoja.

Tena, namba zinaweza kuyumba hatua moja mbele na hatua moja nyuma bila kusonga, hata meza ikisukumwa mwendo mrefu. Kichwa cha kusomea, yaani kile kinachopita kando ya skeli na kuisoma, hutoa ishara mbili zinazopishana kwa robo ya mzunguko, na kwa upishano huo skrini hujua meza inaelekea upande gani. Ishara moja ikikatika, hesabu hubaki ikiyumba papo hapo. Zinayumba, basi, wala hazirukiruki. Na kama tofauti hutokea tu pale unapogeuza mwelekeo wa meza, huenda kishikio cha kichwa hicho kimelegea, kwa hiyo andika hivyo: “inapoteza hesabu ikigeuzwa”.

Hata kitenzi kikishapatikana, mnyambuliko wake uchaguliwe kwa uangalifu. “Kebo imekatika” ni kauli ya kutendeka. Inaeleza hali bila kumtaja mtendaji, na inafaa kwa waya uliochoka kwa kupindwapindwa. “Kebo imekatwa” inadai kwamba kuna kilichoikata, na fundi atakayeisoma atakitafuta kilicho na makali karibu na njia ya kebo. Ni silabi moja tu, lakini inaelekeza uchunguzi.

Sina nguvu ya kulifukuza neno changamoto kwenye majukwaa ya hotuba. Huko nimechoka kupambana nalo, na wasemao waendelee. Katika daftari la hitilafu, hata hivyo, sikubali liandikwe hata mara moja.

Kabla hujaandika tena, zima umeme, kisha badilishanisha plagi za mihimili ya X na Y nyuma ya skrini, mradi skeli zote mbili ni za aina moja. Hitilafu ikihamia mstari wa Y wa skrini, mgonjwa ni skeli ya X au kebo yake. Ikibaki mstari wa X, mgonjwa ni skrini. Ukikuta ni skeli, na namba zake zinaacha hatua, taarifa yako isomeke hivi: “Skeli ya mhimili wa X inaruka namba meza ikitembea, plagi zilipobadilishanishwa, hitilafu ilihamia mstari wa Y, kioo hakijakaguliwa.”