Sapu ya takwimu kwa aliyesoma HKL: kabla ya kulipia twisheni

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba mdogo wako yuko mwaka wa kwanza chuoni hapa Dar es Salaam, alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) kidato cha tano na cha sita, amepata sapu ya takwimu, yaani amefeli na atarudia mtihani, na unauliza kama umlipie twisheni likizo nzima. Nimepita njia hiyohiyo, hivyo naomba nijibu kwa kirefu.

Nilipofeli takwimu niliamini kwamba sina kichwa cha hesabu, nikajifungia chumbani Sinza kukariri fomula. Kumbe kwa miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita sikuwa nimegusa hesabu kabisa, na vilivyonipotea vilikuwa vitu vya chini zaidi: namba hasi, sehemu, asilimia. Fomula nilizijua zote, lakini kila nilipozitumia jibu lilikataa.

Aliyenitoa hapo alikuwa mhadhiri msaidizi aliyekaa na wanafunzi kila Jumatano alasiri. Hakunifundisha mada upya. Aliniambia niandike dakika nilizosubiri daladala pale Mwenge kwa siku tano, nami nikaandika 4, 6, 7, 8 na 10, kisha nitafute mkengeuko sanifu wa siku hizo, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, huku nikisema kwa sauti kila ninachofanya. Wastani ukatoka 7, na tofauti ya kila siku na wastani zikawa -3, -1, 0, 1 na 3, ambazo kila moja huzidishwa kwa yenyewe (kipeo cha pili). Nikaingiza -3 kwenye kalkuleta, nikabonyeza kipeo cha pili, ikaleta -9, nami nikaiandika bila wasiwasi. Nilipojumlisha zote nikapata sifuri, kana kwamba namba hazikutawanyika kabisa. Akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo siku zote tano ulisubiri dakika zilezile?" Nilinyamaza, kwa sababu sikuwahi kuliuliza jibu langu linasema nini. Kalkuleta ilikuwa imepiga kipeo kabla ya kuweka alama ya kutoa. Nilipotumia mabano ikaleta 9, jumla ikawa 20, nikagawa kwa 5, na kipeuo cha pili cha 4 kikanipa dakika 2. Kosa hilo moja lilikuwa limenila alama muhula mzima.

Ndiyo maana nina shaka na twisheni ya darasa la watu arobaini: mwalimu ataanza mada ya kwanza hadi ya mwisho, na pengo alilonalo mdogo wako litarukwa tena. Kama ni lazima ulipe, mlipe mtu atakayekaa naye na kumtazama akikokotoa.

La pili, asisome peke yake, ingawa aibu ya sapu inamsukuma kujificha. Mwanahisabati Uri Treisman, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza miaka ya 1970 kwa nini wanafunzi wengi weusi waliofika na maandalizi mazuri walifeli kalkulasi, somo la hesabu la mwanzo wa chuo. Akaona walisoma kwa bidii lakini kila mmoja kivyake, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walikaa pamoja na kusahihishana. Alipoanzisha vikundi vya kufanya maswali magumu kwa pamoja, matokeo yao yalipanda sana. Diskasheni ya watu watatu au wanne inatosha, mradi kila mmoja ashike kalamu.

Karatasi za tesiti alizorudishiwa asizitupe. Aende nazo ofisini kwa mwalimu wa semina wiki hii, kabla likizo haijaanza, na aombe waanze na swali alilokosa mwanzoni kabisa.