Nilichoshuka nacho kwenye daladala

Miaka sita nilikuwa konda wa Coaster, Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Nilipopata kazi ya mapokezi kwenye zahanati moja, niliogopa kweli. Nikajiambia, mimi najua kuita abiria na kudai nauli, basi.

Wiki ya pili ndiyo nikashtuka. Benchi limejaa, wengine wametumwa maabara, wengine wanasubiri majibu, mmoja katoka kununua maji. Wote nilijua wamefikia wapi, daftari sijaligusa. Kumbe ni ileile ya nani kalipa, nani bado, nani anashukia Mtongani.

Kwa hiyo ukitaka kuhamia kazi nyingine, jina la kazi yako ya zamani liache kwanza. Kaa chini uandike macho na mikono yako ilikuwa inafanya nini toka asubuhi mpaka jioni. Mimi niliandika: nakumbuka sura, natoa chenji bila kikokotoo, namtuliza mtu aliyekasirika, na jioni hesabu ya bosi naitenga kabla sijagusa hata mia yangu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa heshima pale. Pesa ya daktari, ya maabara na ya dawa nilizitenga tangu asubuhi, hivyo kufunga hesabu hakukunichukua muda.

Ila si kila kitu kinahama. Noti nilizikunja kwa urefu na kuzibana vidoleni kwa mazoea, mhasibu akanung'unika kila siku mpaka nikaacha. Sauti nayo! Siku moja nilimwita mgonjwa kama nipo stendi, mama mmoja akaniambia, "Mwanangu, sisi hatupandi gari hapa."

Kosa lililoniuma ni jingine. Kwenye daladala anayepiga kelele ndiye unayemhudumia haraka: "Shusha!", unagonga bodi, gari linasimama. Nikafanya hivyohivyo mapokezi. Mzee mmoja akakaa kimya kwenye kona karibu saa nzima, nami nahangaika na wenye midomo. Nesi alipompima joto, alimwingiza kwa daktari palepale. Jicho langu la konda lilikuwa zima, nililielekeza kusiko tu.

Siku hizi, kabla sijamsikiliza aliyesimama dirishani, natupa jicho kwanza kwenye benchi la nyuma.