Ukuta wa bwawa hushindwa kuanzia chini: kwa mnaoanza kusanifu mabwawa ya zege Pwani

Maji ya Mombasa hutoka mbali. Mzima iko Tsavo, Baricho iko kando ya Sabaki, Marere iko Shimba, na bwawa la Mwache linajengwa Kwale ili kuongeza kiasi kinachofika mjini. Ndiyo maana kijana anayeanza kazi ya maji hapa hukutana na michoro ya mabwawa mapema. Mara nyingi mchoro wake wa kwanza hauwi wa Mwache. Huwa ni ukuta wa mita tatu hadi kumi juu ya mto wa msimu Kwale, Kilifi au Taita. Msiudharau kwa sababu ni mdogo, kwani nguvu zinazouangusha ni zile zile zinazoangusha ukuta mkubwa.

Shikeni jambo moja kuliko yote. Watu wengi huogopa ukuta kupinduka, ilhali hatari inayotangulia ni ukuta kuteleza. Na huteleza kwa sababu ya maji yaliyo chini yake, wala si kwa sababu ya maji mnayoyaona mbele yake tu.

Hesabu ya ukuta wa mita 10

Chukueni ukuta wa uzito, yaani unaosimama kwa uzito wake wenyewe, wenye urefu wa mita 10 kwenda juu. Kichwani una upana wa mita 2 na chini mita 8. Uso wa upande wa maji umesimama wima, na uso wa nyuma unateremka kwa mshazari kutoka kichwani hadi chini. Tunahesabu kipande cha mita moja ya ukuta. Zege ina uzito wa kilonyutoni 24 kwa kila mita ya ujazo, na maji 9.81. Ukingo wa chini ulio upande wa maji tuuite kisigino, na ule wa upande wa pili tuuite kidole.

Uzito wa ukuta ni kilonyutoni 1,200. Maji yakijaa hadi kichwani, husukuma kwa kilonyutoni 490. Mwamba ukiwa na msuguano wa 0.65 dhidi ya zege, uwezo wa kuzuia kuteleza ni 0.65 mara 1,200, yaani 780. Gawanya kwa 490 upate 1.59. Kwa hesabu hii tunataka kigezo cha usalama kisichopungua 1.5 bwawa likiwa katika hali ya kawaida. Mtu atasema imepita, atie sahihi.

Sasa tieni maji ya chini. Presha huingia kwenye mwachano kati ya zege na mwamba, na kwenye nyufa za mwamba wenyewe. Kisigino hupata presha kamili ya mita 10 za maji, nayo hupungua hadi sufuri ikifika kwenye kidole. Jumla yake ni kilonyutoni 392 zinazosukuma ukuta kwenda juu, kama maji yanavyolibeba jahazi pale Bandari ya Kale. Uzito unaobaki kukandamiza mwamba ni 808 tu. Uwezo wa msuguano unashuka hadi 525, na kigezo kinakuwa 1.07. Ukuta ni ule ule na zege ni ile ile, lakini sasa uko ukingoni mwa kuteleza.

Pimeni na kupinduka muone. Mkihesabu mizunguko yote (nguvu mara umbali wake) kwenye kidole, pamoja na maji ya chini, kigezo ni 1.67. Nguvu ya jumla inatua mita 3.1 kutoka kwenye kidole, ndani ya theluthi ya katikati, kwa hivyo kisigino bado kimekandamizwa. Anayepima kupinduka peke yake ataona kila kitu kiko salama. Anzeni na kuteleza.

Dawa ya kwanza ni kuyapa maji ya chini njia ya kutoka. Mstari wa mashimo ya kupunguza presha, mita moja nyuma ya kisigino, ukifanya kazi vizuri huweza kuchukuliwa kuwa umeshusha presha hadi theluthi moja pale ulipo. Nguvu ya kuinua inashuka kutoka 392 hadi 180, na kigezo kinapanda hadi 1.35. Bado hakitoshi. Panueni chini kutoka mita 8 hadi 9.2, mpate 1.52. Halafu ulizeni swali ambalo mkaguzi mzuri atawauliza: mashimo yakiziba je? Ukuta huo wa mita 9.2 unarudi 1.18. Hautelezi, lakini nafasi ya usalama imekwisha. Ndiyo sababu mashimo ya maji si pambo la mchoro. Ni sehemu ya muundo kama zege yenyewe, na yawekwe mahali ambapo mtu anaweza kuyafikia na kuyasafisha.

Msiishie kwenye maji yaliyojaa kichwani. Mafuriko yakipita juu ya ukuta kwa mita 1.5, msukumo wa maji hupanda kutoka 490 hadi 638, na ukuta wetu wa mita 9.2, mashimo yakiwa wazi, hushuka hadi 1.14. Tope nalo huja. Mito yetu ya msimu huleta mchanga na udongo mwingi mvua za kwanza zinapopiga, na tope likifika nusu ya urefu wa ukuta huongeza kama kilonyutoni 44, kigezo kikawa 1.39. Kila hali ina jedwali lake: maji ya kawaida, mafuriko, tope, mashimo kuziba, tetemeko, na bwawa likiwa tupu.

Vyuma vinafanya nini, na nini havifanyi

Wengi mkisikia zege yenye vyuma mnadhani vyuma ndivyo vinavyolishika bwawa. Vyuma vilivyofungwa ndani ya ukuta havizuii ukuta mzima kuteleza juu ya mwamba. Vinachukua nguvu zinazoivuta zege kutoka ndani na kudhibiti nyufa, basi. Kwenye ukuta wa uzito mtavikuta kichwani, kuzunguka ujia wa ndani na matundu ya mabomba, na kwenye njia ya kumwagia mafuriko.

Ukuta mwembamba wa vyuma, uliosimama juu ya kitako kipana, ni jambo jingine. Unafaa kwa urefu mdogo, mita nne au tano hivi, kwa sababu nguvu ya kuupinda hukua kwa mchemraba wa urefu: ukiongeza urefu mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nane. Ukuta wa mita 4 hupata kilonyutoni-mita 105 pale unapokutana na kitako. Ukiwa na unene wa milimita 400, vyuma vya milimita 16 kila milimita 150 ni mahali pazuri pa kuanzia hesabu, kisha mpime upana wa ufa usizidi milimita 0.2. Vyuma hivyo vikuu hukaa upande wa maji, kwa sababu ndiko zege inakovutwa. Kosa la kuviweka upande wa nyuma hutokea saiti kuliko mnavyofikiri, hasa mchoro unapogeuzwa bila mshale unaoonyesha maji yalipo. Choreni mshale huo kwenye kila karatasi.

Ukuta wa aina hii ni mwepesi, hivyo hutegemea maji yanayokaa juu ya kitako ili uzito upatikane. Refusheni kitako kuelekea upande wa maji. Lakini angalieni: mita 4 za maji hukandamiza kitako kwa kilopaskali 39, na kama maji yamepenya chini yake bila pa kutokea, husukuma juu kwa karibu kiasi hicho hicho. Mmepata nini hapo? Kwa hivyo kizuieni kitako kisivuje upande wa maji, na mkitoe maji upande wa pili.

Kuna pia bwawa la bamba na nguzo, ambalo uso wake wa maji umelala. Ukilazwa kwa nyuzi 45, maji hukandamiza chini kwa nguvu sawa na ile yanayosukumia mbele, na nafasi kati ya nguzo huachia presha ya chini. Zege hupungua sana, lakini kazi ya mbao na vyuma huwa kubwa, na katika hewa ya chumvi mabamba membamba hayasamehe uzembe.

Mwamba wa Pwani

Ile 0.65 tuliyotumia haitoki kitabuni na kuingia kwenye mto wowote. Ukanda wa pwani, pamoja na kisiwa cha Mombasa, ni mawe ya matumbawe yenye mapango na vishimo. Maji hupita ndani yake kwa urahisi. Ukipanda kuelekea Changamwe na Miritini unaingia kwenye miamba laini ya udongo uliogandamana kwa matabaka. Mbele zaidi, Mazeras na Mariakani, kuna miamba ya mchanga ya Duruma, nayo mara nyingine ina matabaka ya udongo katikati.

Tabaka hilo jembamba la udongo ndilo adui. Huenda mwamba wa juu ukawa mgumu wa kuvunja nyundo, lakini sentimita mbili za udongo laini mita moja chini yake zikateremsha msuguano hadi 0.35. Rudini kwenye ukuta wetu wa mita 9.2 wenye mashimo wazi: kigezo kinakuwa 0.82. Unaondoka. Bwawa la Austin, Pennsylvania, Marekani, lilikuwa la zege, urefu kama mita 15 na upana wa chini kama mita 9, juu ya mwamba wa mchanga wenye matabaka ya udongo mgumu katikati. Lilisogea Januari 1910, na tarehe 30 Septemba 1911 likavunjika na kuua watu zaidi ya 70. Bouzey kule Ufaransa lilikwenda mwaka 1895, na ndilo lililowafanya wahandisi waanze kuchukulia maji ya kuinua kwa uzito unaostahili.

Kwa hivyo toboeni mwamba hadi kina kisichopungua urefu wa bwawa, na mtoe vipande vizima mvitazame kwa macho yenu wenyewe. Pale kipande kilipopotea ndipo penye udongo. Anayechimba akiwaambia "hapo hakukutoka kitu", hapo ndipo pa kurudia. Kila hatua ya tobo, pimeni uvujaji kwa kusukuma maji kwa presha. Kipimo kinachotumika ni Lugeon, yaani lita moja kwa dakika kwa kila mita ya tobo chini ya presha ya baa 10.

Mwamba laini wa matabaka ukiachwa wazi juani na kwenye mvua hupasuka na kuwa tope haraka. Acheni sentimita 30 za mwisho bila kuchimbwa hadi siku ya kumwaga, kisha mchimbe, msafishe kwa hewa na maji, na mfunike kwa zege nyembamba siku hiyo hiyo.

Pazia la grauti, yaani uji wa simiti unaosukumwa ndani ya nyufa za mwamba, hutangulia mashimo ya maji. Mkitoboa mashimo kwanza, grauti itayajaza na mtakuwa mmelipa mara mbili. Grauti ipigwe karibu na kisigino, kisha mashimo ya milimita 75 kila mita tatu hivi, nyuma ya pazia.

Kumwaga zege kwenye joto letu

Simiti hutoa joto ikiganda. Kila kilo 100 za simiti katika mita moja ya ujazo hupandisha zege nene kwa takribani nyuzi 10 hadi 12. Mkimwaga mchana wa kaskazi, zege ikiwa tayari na nyuzi 33, na mkatia kilo 350 kwa kuogopa, katikati mtakaribia nyuzi 70, halafu uso utapoa na kupasuka. Tumieni simiti yenye pozolana (unga kama wa majivu ya volkano), punguzeni kiasi chake katikati ya ukuta, weka kokoto kivulini na kuzimwagia maji, na mmwage usiku. Tabaka la kila awamu liwe kama mita 1.5, na viungio vya wima kila mita 15 hadi 20, vyenye utepe wa PVC wa kuzuia maji. Utepe huo uangaliwe na mtu mmoja tu mwenye kazi hiyo. Poka, ile mashine ya kutikisa zege, ikiusukuma ukalala, hapo patavuja maisha yote ya bwawa.

Kabla ya awamu inayofuata, ondoeni lile ganda jeupe laini la juu kwa maji ya presha hadi kokoto zionekane. Ganda hilo likiachwa, mmejenga ndani ya ukuta mahali pengine pa kuteleza, na maji yataingia hapo na kuinua kama yanavyofanya chini. Zege ya pozolana inyweshwe maji walau siku 14.

Mchanga wa baharini usikanyage saiti, na maji ya visima vya chumvi yasitumike kuchanganyia zege yenye vyuma. Vyuma vifunikwe kwa zege milimita 50 hadi 75.

Kidole na siku ya kujaza

Maji yanayoanguka mita 10 hufika chini kwa kasi ya karibu mita 14 kwa sekunde. Mwamba laini haustahimili. Kwenye bwawa la Kariba, mto Zambezi, chini ya ukuta wake, maji yalichimba shimo la takriban mita 80 kwenye mwamba mgumu. Jengeni sakafu ya zege yenye vyuma mbele ya kidole, yenye mashimo ya kutolea presha, na ncha yake ishuke ndani ya mwamba. Shimo likila chini ya kidole, ukuta unapoteza kile kinachouzuia mbele.

Bwawa lisijazwe kwa mvua moja ikiwa mna njia ya kuchelewesha. Jazeni theluthi, msimame, msome vipimo vya presha na maji yanayotoka kwenye kila shimo, kisha mwendelee. Andikeni lita kwa dakika pamoja na kimo cha maji cha siku hiyo. Maji yakiongezeka ghafla au yakitoka na udongo, teremsheni kimo kwanza ndipo muulizane. Na shimo likikauka huku bwawa bado limejaa, msifurahi: lizibueni, kisha msome presha upya wiki hiyo hiyo.